Koplo Aliyeinuka Mara Tatu

Kwa siku mbili nzima Nosim Laizer aliamini kwamba mwizi ni Foram, na kama si tabia yake ya kutaka kuona tarehe kwa macho yake mwenyewe, angeandika ripoti na kulala usingizi mnono.

Ushahidi ulikuwa umekaa vizuri mno. Mwalimu Ludovick, mtu wa jiografia na mzaliwa wa Kibosho, Kilimanjaro, alikuwa ameandika riwaya kwa mkono kwa miaka tisa huku akiifungia kwenye sanduku la bati. Mtu mmoja tu aliwahi kukabidhiwa mswada ule kabla haujafika kwa mchapishaji: Foram, mwenye stesheneri karibu na mnara wa saa, aliyeuchapa kwenye kompyuta kurasa zote mia tatu na kumi na mbili. Halafu Koplo Tindo, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, yule askari avaaye mabuti ya mpira hata kanisani, akasikika redioni. Hakuja peke yake. Alikuja na mbwa wake aitwaye Hakimu, na shangazi yake Bibi Forosadi. Hadithi fupi saba zilikuwa zimeshasomwa hewani na mtangazaji, na aliyeziuza alijiita Mama Nice.

Aliyemwajiri Nosim, mpelelezi wa kujitegemea, ni mzee Pravin, mchapishaji, ambaye baba yake na babu yake waliuza madaftari kabla yeye hajaamua kuuza vilivyoandikwa ndani yake.

"Mkataba wangu uko wazi," alikuwa amemwambia. "Mwandishi anaapa kwamba wahusika wake hawajauzwa popote. Sasa wameuzwa. Kama kauza mwenyewe kwa siri, kitabu sichapi. Kama kaibiwa, naenda naye mahakamani mguu kwa mguu. Ijumaa saa nne tunakutana hapa. Nataka jibu."

Kwa barua moja ya Ludovick, redio ilikuwa imekwisha kuzisimamisha hadithi za Mama Nice. Kwa hiyo mezani pa Nosim kulikuwa na vitu viwili vinavyongoja: kitabu cha mtu na sauti ya mtu. Kimoja lazima kianguke.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Foram. Alimkuta akibana vitini vya wanafunzi kwa stepla, miwani juu ya kichwa.

"Dada Nosim, unarudi tena? Watu watafikiri nimeua."

"Nionyeshe faili la Mwalimu Ludovick. Siku lilipofunguliwa."

Foram akabonyeza, akageuza kioo cha kompyuta. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka uliopita.

"Na kabla ya hapo hukuwahi kuuona mswada?"

"Niuone wapi? Alikuja nao siku hiyo kwenye mfuko wa sementi, amekaa kwenye kile kiti mpaka nimemaliza. Wiki tatu! Chai anakunywa hapahapa. Karatasi hakuziacha hata usiku mmoja."

"Ukamwonaje Koplo Tindo?"

"Nani?"

Nosim akamtazama vizuri. Foram hakuwa anaigiza.

"Mimi sisomi ninachochapa," Foram alisema. "Nikisoma nachelewa. Muulize mteja yeyote."

Nosim akatoa simu, akafungua orodha aliyotumiwa na redio. Hadithi ya kwanza ya Mama Nice ilisomwa hewani Novemba, miezi minne kabla ya mfuko wa sementi kuingia dukani. Mwizi gani huiba kitu kabla hakijaletwa? Aliikunja ripoti aliyokuwa ameianza kichwani, akanunua daftari jipya palepale ili Foram asimwone mtu wa bure.

Kituo cha redio kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Mtayarishaji wa vipindi, Rodrick, alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika na haraka isiyo na sababu.

"Huyo mama hajawahi kuniletea karatasi," alisema. "Ananitumia sauti kwenye simu. Mimi ndiye ninayeandika, mtangazaji anasoma. Kwa hiyo hata mwandiko wake siujui."

"Naomba nisikie."

"Zote?"

"Zote saba."

Rodrick akampa vidude vya masikioni, akaenda zake. Nosim alikaa pale hadi mchana. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, yenye lafudhi ya Kilimanjaro ambayo miaka mingi ya kuishi kwingine haikuweza kuing'oa. Alisimulia vizuri kiasi kwamba mara mbili Nosim alisahau kuandika. Alicheka peke yake pale mbwa Hakimu alipokataa kumbwekea mchungaji kwa kuwa alimdai mfupa.

Lakini kuna kitu kilimkereketa. Katika hadithi ya kwanza Koplo Tindo anawahoji watuhumiwa baa, na katikati ya swali kali kabisa anainuka, anageuza mikeka yote iliyoanikwa uani, ndipo anarudi kuketi. Baadaye anainuka tena, anageuza vigae. Mara ya tatu anageuza maandazi ya mama muuzaji. Katika hadithi ya pili ni matofali. Katika ya tano ni kurasa za Biblia, moja moja, kanisa zima linamngoja. Mara tatu katika kila hadithi. Na kila hadithi, jua likifika utosini, Koplo anafunika kitu, kisima au kinu au gari la mshitakiwa, na hadithi inaishia hapo.

Kingine kilikuwa nyuma ya sauti. Kila Koplo alipoinuka, mama alinyamaza kidogo, na katika ukimya ule ikasikika chakachaka kama ya mtu anayepitisha mikono kwenye changarawe.

"Huku kuinuka-inuka ni nini?" alimuuliza Rodrick aliporudi.

"Usiniulize. Nilijaribu kuziondoa sehemu hizo, akanikatalia katakata. Anasema hadithi haiwezi kwenda kama Koplo hajageuza."

"Hajageuza nini?"

"Chochote, ilimradi ageuze. Wasikilizaji wanapenda, wanafikiri ni vichekesho."

"Mpigie. Mwambie nataka kumwona."

Rodrick akapiga, akaongea kwa heshima nyingi, akakata. "Anakaa Makumira. Anasema uende kesho, lakini ufike kabla ya saa sita. Saa sita ana kazi."

Jioni ile, kabla ya kwenda huko, Nosim alipita Elerai kwa Ludovick. Mwalimu alimpokea sebuleni penye ramani ya dunia na picha ya Mtakatifu Yosefu, akamkaribisha chai kabla ya salamu kwisha. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, na hasira yake ilikaa juujuu tu, kama utando wa maziwa ya moto.

"Umempata?"

"Bado. Mwalimu, Koplo Tindo ulimtoa wapi?"

"Nilimbuni. Kichwani mwangu."

"Lini?"

"Sikumbuki asiyekuwapo alianza kuwapo lini. Yupo tu tangu zamani."

"Kuna mtu uliyewahi kumsimulia? Mke wako, marehemu?"

"Hata yeye hakujua naandika nini. Alifikiri natunga mitihani."

Nosim akafungua nakala ya mswada, ukurasa wa mia na kumi na nne. Hapo mwizi wa ng'ombe anakimbia sokoni, Koplo yuko nyuma yake hatua tano. Ghafla Koplo anasimama, anachukua turubai, anafunika magunia ya mtu asiyemjua kwa kuwa jua limefika utosini, kisha anaendelea na mbio. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mhariri wa mzee Pravin alikuwa ameandika: kwa nini?

"Kwa nini?" Nosim akauliza.

Ludovick akausoma ukurasa ule mara mbili. "Sijui. Ilikuja tu. Nilidhani nimeyafuta yote ya namna hiyo."

"Yapi ya namna hiyo?"

"Ya... Vitu vya kitoto. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo mengi yasiyo na maana."

"Mlizaliwa wangapi kwenu?"

"Niko peke yangu. Sina ndugu."

Alijibu haraka, macho kwenye kikombe. Nosim aliandika katika daftari jipya: *Ndugu: hana.* Kisha akapiga mstari chini yake, kwa sababu miaka kumi na sita ya upelelezi polisi ilimfundisha kwamba swali rahisi likijibiwa mbio, lina mguu unaouma. Mchagga wa Kibosho asiye na ndugu hata mmoja ni kiumbe adimu, kama si tembo mweupe basi jamaa yake wa karibu.

Alhamisi saa nne na nusu alishuka Makumira, akauliza, akaelekezwa njia ya vumbi hadi kwenye nyumba ya mbao nadhifu iliyozungukwa na migomba na mibuni. Kwenye karakana upande wa pili mzee mmoja alikuwa akipiga randa. Mlima Meru ulikuwa wazi asubuhi ile, umesimama pale nyuma bila kuwasemesha watu.

Uani kulikuwa na kichanja kirefu cha wavu, kimesimama juu ya nguzo, na juu yake kahawa iliyooshwa, bado na ganda lake, imetandazwa ikauke. Mwanamke wa makamo mwenye kitambaa kichwani alikuwa ameketi mwisho wa kichanja akichagua punje mbovu.

"Shikamoo mama. Ndiwe Mama Nice?"

"Marahaba mwanangu. Ndimi. Karibu, vuta kigoda. Mikono yangu haiwezi kukupokea, ina kazi."

Nosim akaketi. Alijieleza bila kuficha: ni mpelelezi, kuna malalamiko, kuna mtu anasema Koplo Tindo ni wake.

Mama Nice hakuacha kuchagua. "Redio waliniambia kuna barua. Hawakusema ya nani. Niliumia, sitakudanganya. Watoto wamekwisha kuondoka hapa, mume wangu ana randa yake, mimi nilikuwa na kile kipindi. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni."

"Koplo umemtoa wapi?"

"Subiri kwanza."

Akainuka. Akaanza upande wa kushoto, akipitisha viganja vyote viwili chini ya kahawa na kuipindua, hatua kwa hatua, akazunguka kichanja chote. Chakachaka ile. Nosim aliijua kabla mama hajapiga hatua ya tatu, akajikuta amesimama naye, kalamu mkononi. Yeye ni mtoto wa watu wa ng'ombe. Kahawa alikuwa akiijua kwenye kikombe tu.

"Unaigeuza mara ngapi?"

"Mara kwa mara, ikauke sawasawa. Sisi nyumbani asubuhi ilikuwa mara tatu bila kukosa, kama misa."

"Na saa sita?"

"Saa sita inafunikwa. Jua la utosini linapasua ganda. Mtoto asiyefunika kahawa saa sita kwa baba yangu alilala na njaa." Aliketi, akacheka kidogo. "Ndiyo maana nimekuambia uwahi."

Nosim akarudi kwenye kigoda taratibu. Vipande vilikuwa vinaingia mahali pake vyenyewe. Hadithi za redio zilijaa kugeuza kutoka mwanzo hadi mwisho. Riwaya ilikuwa na kufunika kumoja tu, tena kusikokuwa na maana, na mwenyewe alidhani amekwisha kuyafuta yote. Anayeiga nguo ya mwenzake haigi kiraka kimoja akakizidisha kuwa nguo nzima. Lakini anayebadili nguo ya zamani kuwa mpya anaweza kusahau kiraka. Riwaya ndiyo iliyotoka kwenye hadithi, wala si hadithi kwenye riwaya. Na hadithi zilitoka hapa, kwenye kichanja, au kwenye kichanja kingine cha zamani zaidi.

"Mama, nyumbani kwenu nani alikuwa akigeuza?"

"Mdogo wangu. Mimi nilichagua, yeye akageuza. Alikuwa mvivu yule! Bila hadithi hainuki. Sasa akiwa anazunguka hasikii vizuri, na akikosa neno moja analia. Basi ikabidi nimpe Koplo kazi ya mikono. Mtoto akigeuza, na Koplo anageuza. Mtoto akimaliza anagusa nguzo ya mwisho anasema, 'Nimefika nguzoni,' ndipo naendelea."

"Jina lake?"

Mikono ikasimama kwa mara ya kwanza. "Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyeandika barua ni Mwalimu Ludovick wa Elerai. Ameandika riwaya. Koplo Tindo yumo, na mbwa, na Bibi Forosadi."

Nosim alijiandaa kwa hasira. Alikwisha kuona watu wakiambiwa na wapelelezi mambo madogo kuliko hayo wakapindua meza. Mama Nice alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ludo ameandika? Kitabu kizima?"

"Kurasa mia tatu na kumi na mbili."

"Mia tatu," alisema, na fahari ilimjaa usoni waziwazi, kisha uso huohuo ukajaa machozi. "Na mimi nilisema yule hata barua hataweza."

Alisimulia kwa ufupi. Jina lake ni Hedwiga. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimpenda fundi seremala aliyekuja Kibosho kutengeneza viti, Mlutheri, tena Mmeru, na baba yao, mzee wa parokia, hakujua lipi limuume kwanza. Aliondoka asubuhi, kahawa ikiwa kichanjani. Baba akaamuru jina lake lisitajwe nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo. Ludovick alikuwa na miaka kumi. Hiyo ni miaka thelathini na minane sasa, na mtoto wake wa kwanza, Nice, mjomba hajawahi kumsikia hata jina.

"Siku ile nilikuwa nimekatiza hadithi katikati," alisema. "Bibi Forosadi alikuwa amepotea, Koplo anamtafuta. Nilimwambia nitaimaliza kesho."

Nosim akakumbuka lalamiko la pili la mhariri, kwenye ukurasa wa mwisho wa mswada: Bibi Forosadi anaondoka asubuhi moja, Koplo anakaa langoni kumngoja, na kitabu kinaisha. Kwa kalamu nyekundu: mwisho uko wapi?

"Mama," alisema, "simu yako ina chaji?"

Ijumaa saa nne kamili walikuwa watatu ofisini kwa mzee Pravin, pamoja na feni iliyokuwa ikilalamika juu yao. Mkataba ulikuwa mezani. Ludovick alikuwa amevaa suti, kama mtu anayekwenda mahakamani siku hiyohiyo.

"Nani mwizi?" mzee Pravin akauliza.

"Kwanza tusikilize," Nosim akasema. Akaweka simu mezani, akabonyeza. "Hii imerekodiwa jana."

Ile sauti ya taratibu ikaanza. Koplo Tindo alikuwa amefika langoni na mabuti yake ya mpira, mbwa Hakimu pembeni, akiuliza kila mpita njia kama amemwona shangazi yake. Ludovick aliinua kichwa kwenye neno la pili. Kwenye la kumi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Koplo akachoka kungoja," ilisema sauti. "Akainuka, akaanza kugeuza mawe ya njia, moja moja."

Kimya. Chakachaka. Sekunde kumi, kumi na tano. Mzee Pravin akadhani imeisha, akanyoosha mkono azime simu. Nosim akauzuia mkono ule.

Ludovick alikuwa akitazama sakafu. Midomo yake ilichezacheza kabla ya sauti kutoka, na ilipotoka haikuwa ya mwalimu.

"Nimefika nguzoni," alisema.

"Haya," ilijibu sauti kwenye simu, iliyokuwa imengoja kadiri mtoto wa miaka kumi anavyozunguka kichanja. "Basi akageuza jiwe la mwisho, akaona njia inakwenda upande wa Meru. Akasema, Hakimu, inuka, huko ndiko alikokwenda."

Sauti ikaishia hapo. Mzee Pravin alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akauvuta mkataba kwake akauchunguza chini, penye sahihi.

"Hakuna mwizi," Nosim alimwambia. "Kuna msimulizi, dada yake, anayekaa Makumira, na kuna msikilizaji. Msikilizaji alidhani alikuwa peke yake."

"Hapa panatosha majina mawili," mzee Pravin alisema baada ya kufikiri. "Kama wenyewe watakubaliana. Na redio iandikiwe barua nyingine leo."

Nosim akafungua daftari lake, akalisukuma mbele ya Ludovick, na kalamu juu yake. *Ndugu: hana.* Ludovick aliusoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko alivyousoma ukurasa wa mia na kumi na nne. Akaufuta kwa mistari miwili, akaandika juu yake: *Hedwiga.* Alikuwa na mwandiko mzuri, lakini safari hii herufi zilipanda na kushuka.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Nne na robo," mzee Pravin akasema.

"Makumira ni mwendo gani?"

"Nusu saa," Nosim akajibu. "Foleni ikiwa mbaya, saa nzima."

Ludovick akasimama, akavua koti la suti na kulikunja mkononi.

"Basi nitamkuta hajafunika," alisema.